Kabla ya kuamua juu ya askari, jeshi limuulize askari mwenyewe

Kila mara mji au kijiji kinapoanguka mashariki ya Kongo, maswali yanayosikika Kinshasa ni yale yale: silaha zilikuwa ngapi, nani alitoa amri ya kurudi nyuma, komanda gani atapelekwa mahakamani. Kuna maswali mengine yasiyopata nafasi. Askari aliyekuwa juu ya kilima alikuwa hapo tangu lini? Alipokea mshahara wake wa mwisho lini, na ulimfikia mzima? Bibi yake na watoto wanalala wapi? Aliambiwa zamu yake itaisha siku gani? Anamwamini komanda wake?

Majibu yapo. Askari wenyewe wanayo, bibi zao wanayo, na mama wanaouza sombe na makala karibu na kambi wanayajua pia. Mkulima wa Lubero au Fizi huyasoma usoni mwa askari anayesimama kwenye kizuizi na kuomba chochote. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikisha majibu hayo, bila woga, kwenye meza ambako mishahara, zamu, vyeo na uandikishaji vinaamuliwa. Na kuyafikisha kwa hesabu zinazoweza kulinganishwa mwaka huu na mwaka ujao.

Kazi hiyo ni utafiti wa sayansi za binadamu ndani ya jeshi. Katika nchi nyingi zenye jeshi imara ni ofisi ya kudumu, yenye wafanyakazi na bajeti. Kwa FARDC, sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na wageni, ikaandikwa kwa lugha za wageni, ikasomwa na wageni. Serikali inapaswa kuimiliki kazi hiyo sasa, wakati vita bado inaendelea, si kungoja amani.

Hukumu bila uchunguzi

Mwaka 2024 ulionyesha wazi upungufu huu. Mwezi wa tatu serikali iliondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo lililokuwepo tangu 2003. Mwezi wa tano mahakama ya kijeshi mjini Goma iliwahukumu kifo askari 8, maofisa wakiwemo, kwa kosa la kukimbia adui. Mwezi wa saba wengine 25 walipewa hukumu hiyo hiyo katika eneo la Lubero. Miezi saba haikutimia, Goma ikaanguka, na Bukavu ikafuata mwezi wa pili 2025.

Wakaaji walioachwa mikononi mwa adui wana haki ya kuona waliowakimbia wakijibu mbele ya sheria. Lakini mahakama kazi yake ni kumhukumu mtu kwa kosa alilotenda. Haijibu kwa nini kikosi kizima kilivunjika usiku mmoja, wakati kikosi jirani chenye silaha zile zile kilisimama. Jibu la swali hilo halipatikani kwenye faili la mashitaka. Linapatikana kwa kuwauliza askari wa vikosi vyote viwili, waliokimbia na waliobaki, na kulinganisha maisha yao.

Minova ilitoa somo hilo mapema zaidi. Mwezi wa 11 mwaka 2012, wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma baada ya M23 kuingia Goma walifika katika mji huo mdogo wa kando ya ziwa wakiwa wamechanganyika, wengi bila vikosi vyao. Zaidi ya wanawake na wasichana 100 walibakwa. Kesi ilipomalizika mwezi wa tano 2014, kati ya washitakiwa 39 wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji. Waathiriwa hawakupata haki, na taifa halikupata maelezo. Jeshi ambalo halichunguzi namna vikosi vyake vinavyovunjika linawaacha raia wangoje Minova nyingine.

Kuhesabu kulivyobadili mambo

Haiwezi kusemwa kwamba uchunguzi hausaidii jeshi la Kongo. Umeshasaidia mara moja, na kwa jambo kubwa.

Majeshi ya waliopigana yalipounganishwa baada ya makubaliano ya 2002, pande zote zilileta orodha za watu wao. Zikijumlishwa, orodha hizo zilipita askari 300,000. Fedha za mishahara zilishuka kupitia mikono ya makomanda, kila mmoja kwa orodha yake. Mwenye majina mengi alipokea fedha nyingi. Marehemu, watoro na watu ambao hawakuwahi kuvaa uniforme waliendelea kulipwa kwenye karatasi, huku askari wa kweli aliye Walikale au Uvira akipata kilichobaki, au akikosa kabisa.

Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya, kwa ombi la Kinshasa, ulituma ujumbe wa EUSEC. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuatilia njia ya fedha kutoka mji mkuu hadi mfukoni mwa askari, na kuonyesha ni wapi inapotea. Kutokana na uchunguzi huo likaja pendekezo rahisi: anayetoa amri ya vita asiwe yeye anayegawa mshahara. Halafu askari wakaandikishwa mmoja mmoja, kwa picha na alama za vidole, wakapewa kadi. Idadi iliyopatikana haikufika nusu ya ile iliyotangazwa mwanzoni. Kila jina hewa lililofutwa lilikuwa fedha ambazo zingeweza kumfikia mtu halisi.

Lakini kuhesabu kuna mipaka yake. Hesabu inasema askari ni wangapi. Haisemi wanaishi namna gani. Tena inachakaa upesi, maana watu wanakufa, wanatoroka, wanajeruhiwa, wapya wanaandikishwa. EUSEC baadaye ilifunga milango. Tangu hapo vita imekuwa kubwa kuliko ile iliyokuwepo wakati wa kuhesabu, na wito wa kuwaandikisha vijana umerudiwa mara nyingi. Kuhesabu mara moja na kukaa ni kama kupima homa ya mgonjwa siku anayofika hospitali na kutorudia tena.

Yaliyosemwa na askari, yakasomwa mbali

Kuna pia waliokwenda kuwasikiliza. Watafiti wawili kutoka Sweden, Maria Eriksson Baaz na Maria Stern, walizungumza na askari wa FARDC karibu 200, wanaume na wanawake, katika miaka ya kwanza ya jeshi jipya. Mazungumzo yalifanyika kwa Lingala, lugha ya kambini, na askari walisema. Walisema juu ya mshahara usiofika, familia zilizotelekezwa mbali, makomanda wanaokula haki ya wadogo, na aibu ya mwanaume anayevaa uniforme lakini hawezi kulisha watoto wake. Walipoulizwa juu ya ubakaji, maelezo waliyotoa yalichanganya njaa, hasira, ulevi na mawazo yao juu ya mwanaume na mwanamke. Watafiti waliandika wazi kwamba kueleza si kusamehe. Kazi yao ya 2009 na kitabu chao cha 2013 vinajadiliwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima.

Judith Verweijen, mtafiti wa Uholanzi, naye alitumia miaka akifuatilia uhusiano wa jeshi na raia katika Kivu zote mbili. Mwaka 2013, pamoja na Baaz, aliandika juu ya kuingiza waasi jeshini, wakailinganisha kazi hiyo na supu ya samaki isiyoiva vizuri. Hoja yao ilikuwa hii: kila kundi linaloingizwa na kupewa vyeo linafundisha wengine kwamba njia fupi ya kupata cheo ni kushika silaha porini, na askari aliyebaki mtiifu, anayepitwa na muasi wa jana, anavunjika moyo. CNDP waliingizwa jeshini mwaka 2009. Mwaka 2012 baadhi yao waliasi wakaunda M23. Wakaaji wa Rutshuru na Masisi hawakuhitaji kusoma makala ili kujua kilichofuata.

Leo swali hilo limerudi kwa sura nyingine. Sheria ya 2023 ilianzisha jeshi la akiba, na vijana wa Wazalendo wanapigana pembeni ya FARDC. Siku moja serikali italazimika kuamua nani kati yao anaingia jeshini, kwa cheo gani, na nani anarudi shambani. Je, koplo mwenye miaka 15 ya kazi atalipokeaje jambo hilo? Kijana wa Wazalendo mwenyewe anataka nini: mshahara, heshima, kazi, au kurudi kijijini kwao kwa usalama? Mwenye kuamua bila kuwauliza wote wawili anapika tena supu ile ile kwenye moto ule ule.

Wengine walifanyaje

Jeshi la Marekani lilianza kazi hii likiwa vitani. Tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 1941, siku moja baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, timu ya watafiti ilianza kugawa karatasi za maswali kwa askari wa Divisheni ya 9 huko Fort Bragg. Utafiti wa kundi hilo, ulioongozwa kisayansi na Samuel Stouffer, uliendelea hadi mwisho wa vita na kufikia askari zaidi ya nusu milioni. Askari hakuandika jina. Maofisa wake hawakuona majibu yake.

Faida yake ilionekana vita ilipokuwa inakwisha. Mamilioni walitaka kurudi nyumbani, na uamuzi mbaya ungeweza kuzaa maasi. Watafiti waliwauliza askari wenyewe: nani atangulie? Majibu yalisaidia kujenga mpango wa pointi uliotangazwa mwaka 1945: pointi 1 kwa kila mwezi wa utumishi, nyingine 1 kwa kila mwezi ng'ambo, 5 kwa kila nishani au operesheni ya vita, 12 kwa kila mtoto hadi watoto 3. Aliyefikisha pointi 85 alikuwa na haki ya kwenda nyumbani. Manung'uniko yalikuwepo, lakini kila askari aliweza kujihesabia mwenyewe na kuona alipo.

Utafiti huo uligundua pia jambo linaloigusa Kongo moja kwa moja. Katika jeshi la anga watu walipanda vyeo haraka. Katika polisi ya jeshi walipanda polepole. Lakini waliolalamika zaidi juu ya vyeo walikuwa wale wa jeshi la anga. Mtu hapimi hali yake peke yake. Anaipima kwa jirani yake. Ambaye rafiki zake wote wamepanda naye akabaki, anaumia kuliko yule ambaye wote wamebaki pamoja naye.

Mwaka 2025 Kinshasa ilitangaza kuongeza mara mbili mishahara ya askari na polisi. Ni hatua nzuri na ilichelewa. Lakini askari wa mstari wa mbele alikuwa ameshaona wageni kutoka Romania wakilipwa maelfu ya dola kwa mwezi, na zaidi ya 280 kati yao wakivuka mpaka kuingia Rwanda Goma ilipoanguka. Amesikia pia hadithi za wanaolipwa vizuri bila kuonja matope. Nyongeza ya mshahara inaweza kupotea bure kama anayeipokea bado anaona amedharauliwa, au kama sehemu yake inarudi juu kwa njia ambayo askari wenyewe wanaiita « opération retour ». Nani anapima leo kama nyongeza hiyo imefika, na imebadili nini?

Uingereza nayo ilijifunza kutokana na vita ya Irak. Uchunguzi ulioanza baada ya 2003, uliofanywa na chuo kikuu cha King's College London, ulifuatilia maelfu ya askari kwa miaka. Mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliokaa vitani miezi 13 au zaidi katika kipindi cha miaka 3 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa akili unaotokana na vita. Hatari iliongezeka pia kwa askari ambaye safari yake ilikuwa ndefu kuliko alivyoambiwa alipoondoka. Maana yake kwa komanda ni rahisi: muda unaumiza, lakini kudanganywa juu ya muda kunaumiza pia. Kuna askari wa FARDC mashariki ambao hawajui kabisa zamu yao itaisha lini. Kuwapa tarehe na kuiheshimu kungegharimu kidogo kuliko kifaru kimoja.

Nchi hiyo hiyo huwauliza askari wake kila mwaka juu ya mshahara, nyumba, familia na makomanda wao, halafu matokeo hutangazwa hadharani, hata yanayoiaibisha serikali. Jeshi la Uingereza halijaanguka kwa sababu hiyo.

Woga wa kuuliza

Hoja dhidi ya utafiti wa namna hii zinajulikana. Ya kwanza ni siri: adui atajua udhaifu wa jeshi. Lakini adui anaujua tayari. Anazungumza na watoro, anawahoji mateka, ana wapelelezi kambini. Asiyejua ni Waziri anayesoma ripoti iliyopita kwa makomanda sita, kila mmoja akiondoa kilichoweza kumgusa. Idadi ya askari kwenye kilima fulani ni siri. Kwamba wajane wanangoja malipo kwa miaka si siri kwa mtu yeyote wa Beni.

Ya pili ni fedha. Karatasi ya maswali kwa askari 3,000 waliochaguliwa vizuri katika majimbo yote haihitaji mabilioni ya franga. Bei ya kutouliza ni kubwa kuliko hiyo, nayo inalipwa na waliohama kila mwaka wakiwa na magodoro kichwani.

Ya tatu ndiyo nzito: askari ataogopa kusema kweli, na ana sababu. Anayelalamika anaweza kupelekwa pabaya zaidi au kushitakiwa kwa kuvunja nidhamu. Kwa hiyo masharti ya kazi hii yana uzito kuliko maswali yenyewe. Jina lisiandikwe. Karatasi isipite kwa komanda wa kikosi wala kwa wapelelezi wa jeshi. Maswali yaulizwe kwa Lingala na Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ofisini. Wanaouliza wawe watafiti waliofunzwa, wakiwemo wanawake watakaowasikiliza wanawake askari na bibi za askari. Na jibu lolote lisitumike kamwe kumwadhibu aliyelitoa. Siku askari mmoja atakapofungwa kwa alichoandika, kazi yote itakuwa imekufa.

Kuna sharti jingine ambalo wataalamu hulisahau: kuuliza na kutofanya lolote ni kubaya kuliko kutouliza. Askari akijaza karatasi mara mbili na kuona nyumba ni ile ile, zamu ni ile ile, mara ya tatu ataandika chochote. Kila uchunguzi ufungwe kwenye uamuzi unaojulikana mapema. Kabla ya kupanga zamu, chunguza zamu. Kabla ya kuingiza Wazalendo, chunguza Wazalendo na wale watakaowapokea. Kabla ya kutangaza kwamba nyongeza imefika, pima kama imefika. Baada ya hapo askari waambiwe: mlisema hivi, tumefanya hivi, hili bado hatujaliweza kwa sababu hii.

Sheria inadai hivyo

Haya si mapambo ya nchi tajiri. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 189, inadai kwamba askari wa ngazi zote na wanaoshika ukomanda wachaguliwe kwa vigezo vya haki: nguvu za mwili, elimu ya kutosha, tabia iliyothibitishwa na uwakilishi wa haki wa majimbo yote. Vigezo hivyo haviwezi kuheshimiwa na mtu asiyevipima. Tabia « iliyothibitishwa » imethibitishwa na nani, kwa njia gani? Uwakilishi wa majimbo unajulikanaje kama hesabu haziko wazi? Sheria ya mwaka 2013 juu ya hadhi ya mwanajeshi nayo inampa askari haki zake. Haki isiyofuatiliwa inabaki kuwa maneno kwenye gazeti la serikali.

Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo nchini. Vyuo vikuu vya Kisangani, Lubumbashi, Bunia, Butembo na Kinshasa vinatoa kila mwaka wanasaikolojia, wanasosholojia na wataalamu wa takwimu ambao wengi wao wanatafuta kazi. Watafiti wageni waliokuja mashariki walitegemea mara nyingi vijana wa Kongo kuwaongoza, kutafsiri na kukusanya majibu. Ujuzi huo haukuondoka na wageni.

Wizara ya Ulinzi inaweza kuanza na kidogo: ofisi ndogo ya utafiti iliyo chini ya Waziri, nje ya ngazi ya amri ya makomanda, yenye mkataba na vyuo vikuu viwili au vitatu, na yenye wajibu wa kupeleka ripoti kwa kamati ya ulinzi ya Bunge. Kazi ya mwaka wa kwanza iwe mambo matatu tu: mshahara unafikaje, zamu inachukua muda gani, familia za askari zinaishi wapi. Raia wanaoishi karibu na kambi waulizwe pia, kwa sababu wao ndio wanaojua kwanza askari anapoanza kula kwao kwa nguvu. Wabunge wa mashariki, ambao kila kikao wanasimama kulia juu ya usalama, wadai fedha za ofisi hiyo katika bajeti, na wadai ripoti yake isomwe.

Serikali imenunua ndege zisizo na rubani, imekodi wageni, imeomba majeshi ya nchi jirani na ya kusini mwa Afrika. Kila mara mzigo wa mwisho umerudi mabegani mwa askari wa Kongo aliye kilimani na bunduki yake. Kabla ya kumtuma tena huko, na kabla ya kumhukumu akishuka, taifa linadaiwa kumuuliza anaishi namna gani, na kusikiliza jibu.